Taa ya zambarau kwenye AC haiponyi pumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, fundi wa viyoyozi kwa miaka 19 sasa. Minane ya kwanza niliifanya Dar es Salaam, na kumi na mmoja iliyofuata nimeifanya hapa Houston, Texas. Gazeti lako nalisoma kwenye simu alfajiri, kabla sijapakia ngazi kwenye gari. Ninachokuandikia leo kimenikaa kooni tangu Jumapili mbili zilizopita, siku dada yangu aliponipigia simu kutoka Tabata, Dar es Salaam.

Alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Mpwa wangu ana miaka tisa na pumu imemsumbua tangu akiwa mchanga. Kuna usiku mama yake hukesha amemkalisha kitako, akihesabu pumzi zake. "Mdogo wangu," akaniambia, "safari hii nimepata." Kijana mmoja alikuwa amepita mtaani kwao akiuza taa za miale ya urujuanimno, zile ambazo wengi tunaziita taa za UV. Akamfungia moja ndani ya AC ya sebuleni kwa shilingi 280,000. Alimwambia hewa yote itakayotoka pale itakuwa imeuliwa vijidudu, na kwamba baada ya wiki mbili mtoto ataacha dawa ya kuvuta. Dada alikuwa ameshaanza kumpunguzia. Ya asubuhi alikuwa anampa, ya jioni ameiacha.

Nilimwambia, "Dada, nakuomba kwa heshima zote, kabla hatujazungumza lolote, mrudishie mtoto dawa yake leo jioni kama daktari alivyoandika." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwani hizo taa ni uongo?"

Hapo ndipo penye shida, Mhariri, kwa sababu jibu si ndiyo wala si hapana. Taa hizi nazifunga mwenyewe. Nimezifunga kwenye nyumba nyingi sana hapa Houston na najua zinafanya nini. Zina kazi yake ya kweli, na kazi hiyo siyo ile aliyouziwa dada yangu.

Nilimwomba awashe kamera anionyeshe. Kwenye mdomo wa AC, pale hewa inapotokea, ulikuwa unachungulia mwanga wa zambarau unaopendeza, kama wa ukumbi wa harusi. Nikamwomba azime AC kwenye swichi kubwa ya ukutani, afungue kifuniko, asogeze simu karibu na ile taa. Ilikuwa utepe wa vitaa vidogo vidogo, umebandikwa kwa gundi, na pembeni pameandikwa 395.

Nambari hiyo inasema kila kitu. Miale hupimwa kwa urefu wa wimbi lake, na kipimo ni nanomita. Inayoua vijidudu vya hewani ni ile iliyo kati ya 200 na 280, kundi linaloitwa UV-C. Taa nyingi za kazi hii ni mirija yenye mvuke wa zebaki inayotoa miale ya 254. Mwale wa 395 ni jirani wa rangi ya zambarau tunayoiona kwa macho. Ndio wa taa za kukaushia rangi ya kucha saluni na za kukagulia noti bandia. Ukiwa dhaifu namna ile, ukiwasha mwaka mzima kuvu itaendelea kuota pembeni yake. Tena miale yenyewe ya UV-C haionekani. Taa ya kweli hutoa mwanga hafifu wa samawati, na huo tunaouona ni masalia tu ya kazi inayofanyika pasipoonekana. Kwa hiyo kung'aa kwa zambarau hakuthibitishi chochote.

Kisha nikamwomba achomoe machujio. Yalitoka mawili, na vumbi lililoshikana juu yake lilikuwa nene kama sufi ya mto. Barabara ya mtaa wao ni ya vumbi na mwaka huu imepitisha malori ya kokoto. Nyuma ya machujio akamulika tochi, nikaona feni ya ndani, ile ndefu yenye mapezi mengi, imejaa madoadoa meusi. Nikamwambia apitishe kidole. Kidole kilirudi cheusi, kina utelezi. Hicho ndicho alichokuwa akikivuta mpwa wangu kila AC ilipowashwa, na kijana wa taa alibandika utepe wake hapo hapo, sentimita chache kutoka kwenye uchafu huo, akafunga kifuniko, akachukua pesa.

Naomba nieleze taa hizi zilikotoka na zinafanyaje kazi mahali pake, kwa sababu matangazo yanayofika Dar yamenakiliwa kutoka huku, na nyumba za huku si kama zetu.

Nyumba ya kawaida ya Houston haina AC ya ukutani. Darini kuna mashine moja inayohudumia nyumba nzima, joto na baridi. Wakati wa baridi tanuru la gesi linapasha hewa. Wakati wa joto, ambao huku ni sehemu kubwa ya mwaka, hewa inapita kwenye koili ya baridi, yaani msuko wa mabomba membamba yenye mapezi unaopoza hewa. Feni moja inavuta hewa kutoka vyumbani, inaipitisha kwenye chujio, kwenye tanuru, kwenye koili, halafu inairudisha vyumbani kwa dakti, mabomba makubwa yaliyovikwa sufi ya kuzuia joto. Kiangazi cha Houston ni kama Machi ya Tanga: shati linalowa kabla hujafika kwenye gari. Koili ikiwa baridi na hewa ikiwa na unyevu mwingi kiasi hicho, koili inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Maji yanachuruzika kwenye trei na kutoka kwa bomba. Giza, maji, na vumbi kidogo lililopenya chujio. Kuvu na bakteria wanataka nini zaidi?

Koili ya kwanza niliyoifungua huku ilinifundisha. Nilipanda darini saa nne asubuhi, tayari joto lile linakausha midomo. Nilipofungua bati la mbele ilinipiga harufu ya matambara mabichi yaliyosahauliwa ndani ya beseni. Katikati ya mapezi ya alumini, ambayo yanapaswa kupitisha mwanga wa tochi hadi upande wa pili, kulikuwa na ute wa rangi ya kijivu kama mlenda uliolala. Tochi haikupita. Hewa ya familia nzima ilikuwa inachujwa na mlenda ule. Niliosha kwa saa mbili, na bosi wangu akafunga taa ya UV-C ikiitazama koili kwa karibu, iwake usiku na mchana. Niliporudi kiangazi kilichofuata koili ilikuwa inang'aa. Bila kusuguliwa. Nilikaa nikaitazama.

Ndiyo maana nasema taa si uongo. Kinachoua kijidudu ni nguvu ya miale ukizidisha na muda inaompiga. Koili haiendi popote, imekaa mbele ya taa saa 24, hivyo hata taa ndogo ya wati 18 inatosha kuzuia kuvu isijenge nyumba. Koili safi inapitisha hewa vizuri, inabadilishana joto vizuri, haitoi uvundo. Hiyo ni faida halali, na kwa nyumba yenye mashine iliyofichwa darini mahali ambapo fundi hupanda mara moja kwa mwaka, mimi huipendekeza.

Hewa ni jambo jingine kabisa. Hewa inapita kwenye mashine hiyo kwa kasi ya mita mbili hadi tatu kwa sekunde. Eneo ambalo taa inapiga vizuri ni nusu mita hivi. Piga hesabu: kijidudu kinaonana na taa kwa sehemu ya tano ya sekunde, kimepita. Taa moja ndogo haiwezi kumaliza kazi kwa muda huo. Inawezekana kujenga mfumo unaoweza, wenye taa nyingi na kali, uliopigiwa hesabu ya mwendo wa hewa, lakini hiyo siyo taa inayouzwa kama nyongeza mlangoni. Halafu feni yenyewe haizunguki muda wote. Siku ambayo hali ya hewa ni nzuri mashine inalala saa nyingi, na hewa ikiwa haiendi kwenye taa, taa inamulika bati tupu. Tena hata feni ikizunguka bila kupumzika: mtu anayekohoa amekaa na wewe kwenye kochi moja. Pumzi yake inakufikia wewe kwanza, muda mrefu kabla haijapanda darini kukutana na miale yoyote.

Na kwa pumu kuna la zaidi. Kinachoamsha pumu mara nyingi si kitu hai. Ni vumbi, ni kinyesi cha utitiri wa kwenye magodoro, ni mabaki ya mende, ni manyoya, ni moshi wa jiko na wa dawa ya mbu ile ya kuzunguka. Miale haiondoi hata kimoja kati ya hivyo. Hata mbegu ya kuvu ikiuawa, maiti yake bado inawasha kifua kile kile. Vitu hivyo hunaswa na chujio, huoshwa kwa maji, hutolewa nje kwa dirisha.

Nina deni katika habari hii na ningependa kulitaja. Kampuni ya kwanza iliyoniajiri huku ilitulipa kamisheni kwa kila taa tuliyouza. Kila asubuhi mkutanoni walisoma majina ya waliouza nyingi. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda kwa bibi mmoja mjane, mwenye ugonjwa wa mapafu, mtungi wa oksijeni uko pembeni ya kiti chake. Koili yake ilikuwa safi. Aliniuliza kama taa ile itamsaidia kupumua. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa na mke mjamzito, nikamjibu ndiyo. Alilipa dola 900 kwa awamu. Sijui bibi yule aliishije baadaye. Niliacha kazi pale mwaka uliofuata, lakini lile "ndiyo" langu bado nalisikia, na nilipomsikia dada yangu akinisimulia maneno ya yule kijana wa Tabata niliyatambua maneno hayo neno kwa neno.

Sasa, mtu asije akadhani napuuza sayansi ya miale. Naiheshimu mno. Wazee wetu Tanga walianika magodoro na mikeka juani kila wiki na hawakukosea: mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, walionyesha kwamba mwanga wa jua huua bakteria, na mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. (UV-C yenyewe haifiki kutoka kwenye jua, tabaka la gesi ya ozoni lililo juu angani linaizuia, na ndiyo maana inabidi tuitengeneze kwa taa.) Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Baltimore, daktari Richard Riley na mwenzake William Wells walifanya jaribio ambalo kila fundi wa hewa angepaswa kulijua. Walichukua wodi ndogo ya wagonjwa wa kifua kikuu, vitanda sita, wakaipandisha hewa yake kwa dakti hadi juu, kwenye vizimba vya simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara. Simbilisi wale hawakuwahi kumwona mgonjwa yeyote. Walivuta hewa tu. Wakaugua, mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo ilipothibitika kwamba kifua kikuu husafiri hewani. Baadaye wakaweka kundi la pili, hewa yao ikipita kwanza kwenye miale mikali ndani ya dakti. Katika kundi hilo hakuambukizwa hata mmoja.

Wauzaji wanalipenda jaribio hili. Hawasemi kwamba dakti ya Baltimore ilibeba hewa yote ya wodi, na miale yake ilipangwa na watu waliopiga hesabu ya kazi hiyo.

Mahali ambapo taa hizi zimeokoa watu ni kwingine, na hapa ndipo natamani viongozi wetu wanisikie. Ni juu ya vichwa vya watu, kwenye vyumba vya kusubiri na wodi za kifua kikuu. Taa hufungwa juu ukutani, zimekingwa kwa mabati ili miale ilale sambamba na dari isishuke kwa watu, na mapangaboi yanazunguka polepole kuipandisha hewa iliyotoka vifuani na kuirudisha ikiwa salama. Hapo miale inakutana na hewa muda wote, katika chumba kile kile ambamo mtu anakohoa. Lima, nchini Peru, watafiti walirudia jaribio la simbilisi kwa mpango huo na kutoa matokeo mwaka 2009: waliovuta hewa ya kawaida ya wodi waliambukizwa asilimia 35, waliovuta hewa ya wodi hiyo hiyo taa za juu zikiwa zinawaka waliambukizwa asilimia 9.5. Afrika Kusini nako, mwaka 2015, walipata kinga ya asilimia 80 hivi. Tanzania na Kenya zote mbili zilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ile ya 2021 hadi 2025. Pesa inayomwagwa kwenye tepe za zambarau za sebuleni ingefunga taa za kweli kwenye mabenchi ambako mama zetu wanasubiri makohozi yao yapimwe.

Hao hao wa Lima walikuwa wametangulia kupima jambo rahisi zaidi, wakalitangaza mwaka 2007. Walifungua madirisha na milango ya wodi. Hewa ilibadilika mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vyenye mitambo ya kusukuma hewa vilikuwa vinabadilisha mara 12. Majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa ndiyo yaliyofanya vizuri kupita yote. Niliposoma hilo nililikumbuka lile jengo la kale la Wajerumani pale hospitali ya Bombo, Tanga, na vibaraza vyake vinavyotazama bahari. Waliolijenga walijua upepo una kazi gani hospitalini.

Niseme na hatari, kwa sababu muuzaji hataji. Kama utepe wa dada yangu ungekuwa UV-C ya kweli, mpwa wangu angekuwa hatarini zaidi. AC ya ukutani ina mdomo ulio wazi; miale ingetoka nayo ikampiga usoni akiwa anaangalia katuni. Mimi yamenipata. Mwaka wangu wa pili huku nilifungua mlango wa mashine ambao una swichi ya kuzima taa mlango ukifunguliwa, lakini fundi aliyetangulia alikuwa ameiruka kwa waya. Nilifanya kazi mbele ya taa ile kwa muda mfupi tu. Sikusikia maumivu yoyote. Saa saba usiku nikaamka macho yamejaa mchanga, machozi yanatiririka, mwanga wa simu tu unachoma kama pilipili. Mke wangu alinibana kitambaa cha maji baridi hadi asubuhi. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanayajua maumivu haya. Yalipona kwa siku mbili, lakini mimi ni mtu mzima niliyejua kilichonipata. Mtoto angeambiwa ana macho mekundu tu.

Miale hii hula plastiki pia. Nimeona trei za maji zilizogeuka njano, ukizibonyeza kwa dole gumba zinamegeka kama biskuti kavu. Nimeona ganda la waya limepasuka hadi shaba inaonekana. Na AC ya ukutani ndani yake ni plastiki tupu. Kuna taa nyingine, hizo zinazotoa mwale wa 185, zinatengeneza ozoni ndani ya nyumba. Utaijua kwa harufu kali kama ya mashine ya fotokopi iliyofanya kazi mchana kutwa. Wapo wanaoisifia kuwa ndiyo harufu ya usafi. Ozoni ya juu angani inatukinga, lakini ikiingia kifuani inawasha mapafu, na mwenye pumu ndiye anayeumia wa kwanza. Jimbo la California limepiga marufuku kuuza visafisha hewa vinavyozidisha ozoni ya sehemu 0.050 kwa milioni. Sijui kwa nini sisi tungekubali kuletewa vilivyokataliwa kwingine.

Na taa ya kweli huchoka. Mirija mingi ya zebaki hupewa maisha ya saa 9,000, na mwaka mmoja una saa 8,760. Baada ya hapo bado inawaka, bado ina ule mwanga wa samawati, lakini miale inayoua imeshuka sana. Nimekuta nyumba yenye taa ya miaka sita, mwenye nyumba akiniambia ni nzima kabisa.

Dada yangu tulimtafutia fundi mzee wa Buguruni niliyefanya naye kazi zamani. Alikuja na beseni, turubai na pampu ya maji. Alitumia saa moja na nusu na akatoza shilingi 35,000. Tulikubaliana machujio yaoshwe bombani kila wiki mbili, kila wiki wakati wa malori, na mashine ioshwe yote mara mbili kwa mwaka. Madirisha yanafunguliwa alfajiri kabla vumbi halijaamka, nyavu zipo. Watu wengi hawajui kwamba AC ya ukutani haileti hewa kutoka nje. Inazungusha ile ile iliyomo chumbani, ikifungwa usiku kucha mnavuta pumzi zenu wenyewe hadi asubuhi. Dawa ya mbu ya moshi imeondoka, chandarua kimerudi. Na mtoto amepelekwa kliniki, daktari akamweleza mama yake kwamba dawa ya kuvuta ya kila siku haiachwi kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Mara nyingi anaonekana mzima kwa sababu anaivuta.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Gazeti lako hupokea matangazo ya vifaa vya umeme. Anayeleta tangazo la taa ya kusafisha hewa aombwe aandike humo urefu wa wimbi la miale yake, kama inatoa ozoni au haitoi, na baada ya saa ngapi mrija unabadilishwa. Asipoweza kuandika hayo matatu, wasomaji wako wana haki ya kukingwa naye. Na anayethubutu kumwambia mzazi aache dawa ya mtoto, jambo hilo liende kwa wanaosimamia afya, halafu habari yake mtuandikie.

Juzi dada alinitumia picha ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye ile AC ilipooshwa. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Utepe wa zambarau ameubandua, ameuweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na risiti, na bahasha iko juu ya kabati karibu na mlango, akimsubiri kijana apite tena.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa viyoyozi, mzaliwa wa Tanga
Houston, Texas
(Jina langu kamili nimekutumia, naomba lihifadhiwe.)